Tangi la Kanisa na Maboga ya Mlinzi



Nyumba nyingi za kwetu siku hizi zina bati juu na tangi kando. Leo nataka kuwasimulia habari za tangi moja lililovuja: jinsi tulivyojua kwamba linavuja, na jinsi lilivyozibwa. Kazi yenyewe nitaieleza kwa urefu, maana hapana shaka yupo baba anayesoma haya huku tangi lake limekauka naye hajui sababu. Lakini sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Nyuma ya kanisa letu hapa Masakta lipo tangi la duara, lililojengwa kwa wavu wa chuma na saruji. Upana wake, toka ukuta mpaka ukuta, ni mita 2 na nusu, na kimo chake mita 2. Ukipiga hesabu utaona kwamba likijaa huchukua lita 9,800 hivi, yaani ndoo 490 za lita 20. Maji hutoka katika bati la kanisa, hupita mferejini, na kuingia tangini kwa bomba. Mvua zetu hukoma mwezi wa Mei, na toka Juni mpaka Oktoba twaweza kukaa bila kuona tone. Kwa hiyo maji hayo hutunzwa kwa ajili ya wagonjwa, wazee, na nyumba zenye watoto wadogo. Kila ndoo inayotoka huandikwa katika daftari, na mwenye kuandika ni mimi, karani.

Mwaka 2022, tarehe 31 Mei, tangi lilikuwa limejaa mpaka juu. Tarehe 4 Agosti akaja mama mmoja na ndoo yake, akafungua koki, ikatoa pumzi tu. Nikachukua daftari nikahesabu. Ndoo zilizoandikwa zilikuwa 198. Ndoo 292 hazikuwa na jina la mtu.

Tunaye mlinzi wa usiku, mzee wa rika la babu yangu. Karibu na tangi, upande wa kusini, alikuwa amepanda maboga. Sasa fikirini: mwezi wa Agosti nyasi zote zimekuwa rangi ya mchanga, ng'ombe wanakwenda mbali kutafuta malisho, na maboga ya mlinzi yametambaa, kijani kibichi, mpaka njiani. Watu wakaona, wakanyamaza siku mbili, kisha wakaanza kusema. Wengine walisema anamwagilia usiku. Wengine walisema anauza. Mimi sikusema kitu, lakini nilifanya lililo baya kuliko kusema: niliandika. Mwisho wa ukurasa niliandika kwa wino, "Ndoo 292 zimepotea usiku." Neno hilo "usiku" lilikuwa na maana moja tu, na kila aliyelisoma aliielewa. Mzee akaitwa mbele ya halmashauri ya walei, akaulizwa. Akajibu, "Sijachukua hata kikombe." Akarudi kwenye lindo lake. Toka siku ile hakuniita tena "mjukuu" kama alivyozoea. Aliniita Bwana Karani.

Huenda msomaji wa mahali penye mito akashangaa kwamba watu wazima wagombane kwa ajili ya maji ya batini. Basi na aelewe hali yetu. Ziwa Balangida twaliona, lakini maji yake ni ya chumvi. Na katika nchi hizi za Bonde la Ufa, zenye milima ya volkano kama Hanang, maji mengi ya visima yamepita katika miamba na kuchukua madini yaitwayo floraidi. Kidogo chake huimarisha meno, kikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja, na visima vingi vya kaskazini ya Tanzania vimeupita mpaka huo. Mtoto akiyanywa maji hayo katika miaka yake ya kwanza, wakati meno ya ukubwani yanapojiumba ndani ya ufizi, meno hayo hutoka na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Akiendelea kunywa mengi miaka mingi, hata mifupa huweza kukakamaa au kupinda. Wapo akina mama wanaodhani kwamba kuchemsha kutasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, nako ni kwema sana, lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hubaki. Na magadi tunayotia katika mboga na maharage mara nyingi huongeza mzigo ule ule. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Ndiyo sababu ndoo 292 hazikuwa hesabu ya mchezo: zingalinywewa na watoto.

Mwaka uliofuata, 2023, Jumapili moja ya mwezi wa Juni, mzee mmoja fundi alipita nyuma ya kanisa baada ya Misa, akasimama kuyatazama maboga. (Mlinzi alikuwa ameyapanda tena. Mtu mwenye hatia, nadhani sasa, asingalithubutu.)

"Nani anayemwagilia?" akaniuliza.

"Hilo ndilo tunalotaka kujua, mzee."

Akacheka, akainama, akachimbua udongo kwa fimbo yake kina cha shubiri moja. Juu ulikuwa mkavu. Chini ulikuwa umelowa, ukashikamana mkononi mwake kama udongo wa kufinyangia. Akasema, "Hapa hapana mtu aliyemwagilia. Mwenye kumwagilia hulowesha juu kwanza."

Fundi huyu alitoka hapa akiwa kijana, akaenda Tanga kukata mkonge, kisha akahamia pwani akawa fundi wa mashua za mizigo mpaka uzee ulipomrudisha nyumbani. Akanieleza jambo ambalo sisi watu wa bara hatulifikiri. Katika chombo cha baharini, maji ya kunywa huwekwa katika tangi lililo ndani ya chombo. Tangi likivuja, maji hayatoki nje mtu akayaona. Hushuka ngamani, chini kabisa, yakachanganyika na maji ya bahari yaliyopenya mbaoni. Nahodha akiona ngama inajaa hajui aogope lipi: chombo kimetoboka, au tangi limetoboka? La kwanza laweza kumzamisha leo, la pili laweza kumwua kwa kiu baada ya siku tatu. Basi baharia huchovya kidole katika maji ya ngama, akaonja. Yakiwa chumvi kali, ni bahari iliyoingia. Yakiwa yamepoa, ni tangi lililotoka. Na kila alfajiri kijiti huteremshwa tangini, na kipimo chake kikaandikwa.

"Chomboni," alisema, "hatumwulizi mlinzi kwanza. Tunakiuliza kijiti."

Jumamosi iliyofuata tukafanya hivyo, nami nawashauri wote wenye matangi wafanye vivyo hivyo kabla ya kumshuku mtoto wa jirani. Tulifunga koki kwa kufuli. Tulifunga na kifuniko cha juu kwa kufuli. Funguo zote mbili alikaa nazo Padre. Kabla ya kufunga tuliteremsha ufito mkavu uliopakwa chaki mpaka ukagusa sakafu ya tangi, na mahali chaki ilipolowa tukatia alama kwa kisu. Ilikuwa saa 12 jioni. Jumapili saa 12 jioni tukafungua, tukapima tena kwa ufito ule ule, mahali pale pale. Maji yalikuwa yameshuka sentimita 2.

Msomaji atasema, sentimita 2 ni kitu gani? Katika tangi la upana ule, kila sentimita moja ni lita 49. Basi mchana mmoja na usiku mmoja ulikuwa umekula lita 98, karibu ndoo 5, wala hapakuwa na mtu aliyegusa koki. Nikarudi kwenye daftari la 2022: siku 65, ndoo 292 zilizopotea. Gawanya mwenyewe, utapata ndoo 4 na nusu kwa siku. Maji yakipungua tangini, nguvu ya kusukuma hupungua, na uvujaji hupungua nao, ndiyo maana haikufika 5 kamili. Nilikaa na daftari lile magotini kitambo kirefu.

Hata tone dogo si la kudharauliwa. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza lita 4 na zaidi kwa siku. Toka Juni mosi mpaka mwisho wa Oktoba zatimia lita 660 hivi, ndoo 33, na ugonjwa huo dawa yake ni kipande cha mpira ndani ya koki.

Sasa nisimulie tulivyokosea mara ya pili. Yule mzee alituambia tungoje mpaka maji yatumike yabaki kidogo, tuyahamishe, ndipo aingie ndani azibe. Halmashauri haikutaka kungoja. Tukamwita fundi mwingine, kijana mwenye maneno mengi, akachimba kuzunguka tangi, akapiga lipu nje, chini kabisa, nene kama mkono. Ilipendeza macho. Mifuko miwili ya saruji ilikwenda hapo, pamoja na ujira. Baada ya wiki mbili tukapima kwa ufito: maji bado yalikuwa yakishuka karibu sentimita 2 kwa siku.

Sababu yake ni nyepesi, ila tulikuwa hatujaitafakari. Maji yenye kimo cha mita 2 hukandamiza sakafu kwa uzito wa tani 2 katika kila mita moja ya mraba, na pale chini ukuta nao husukumwa karibu kwa nguvu hiyo hiyo. Ukibandika lipu nje, maji yanaisukuma yaing'oe. Ukibandika ndani, maji yale yale yanaikandamiza ukutani na kukusaidia. Chombo cha baharini ni kinyume chake: bahari husukuma toka nje, kwa hiyo kalafati hupigwa toka nje. Tangi huzibwa upande wa maji, na mashua vivyo hivyo upande wa maji. Hilo mzee alitueleza baadaye, bila kututukana, nasi tulistahili.

Mwisho wa Agosti maji yalikuwa yamebaki kimo cha goti. Akina mama wa WAWATA wakayahamisha kwa ndoo katika mapipa yaliyofunikwa, wala hayakumwagika hata kidogo. Fundi akateremka kwa ngazi. Hapa nina neno la onyo. Mtu asiingie tangini peke yake. Lazima mwingine akae mlangoni akimwona na kusema naye. Wala kamwe msiingize pampu ya petroli ndani ya tangi au kisima ili kunyonya maji, wala jiko la mkaa ili kukausha saruji. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu huanguka kabla ya kujua kwamba anaumwa. Mwenzake akiruka kumwokoa, wanakuwa wawili.

Ndani alisugua kwa brashi ya waya mpaka sakafu ikawa nyeupe, kisha akaiacha ikauke, akaikagua kwa tochi. Saruji ikikauka hujifichua yenyewe: kote kumekuwa kweupe, ila penye ufa hubaki mstari mweusi wa unyevu. Ufa wetu ulikuwa upande wa kusini, pale pale yalipokuwa maboga, katika pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu. Urefu wake ulikuwa kama mkono wa mtu, na unene wake hata wembe ungeingia kwa shida. Kandokando palikuwa na rangi ya kutu. Vilikuwako na vijiufa vingine, vyembamba kama nywele, vyenye utando mweupe juu yake. Hivyo hakuvigusa. Akasema vimejiziba. Na ndivyo ilivyo: maji yanayopenya polepole katika ufa mwembamba huchukua chokaa ya saruji, yakaiganda humo humo mpaka njia ikafungwa. Ufa mkubwa hauponi hivyo.

Kwa nini palipasuka? Kwa sababu mbili. Kwanza, pembe ile ilijengwa kali kama pembe ya sanduku, nayo ingalipaswa kuviringishwa. Pili, na hili ni kosa la watumiaji, tangi letu lilikuwa likiachwa tupu kabisa kila kiangazi, jua linalichoma toka juu, na saruji ikikauka kabisa husinyaa. Mzee akafananisha na mashua iliyopandishwa pwani. Mbao zikikaa juani hunywea, zikaachana, hata chombo kizima kikawa kama kapu. Siku ya kushushwa majini hupigwa kalafati kwa pamba na mafuta, nacho huvuja mpaka mbao zivimbe tena. Saruji haina huruma ya mbao. Ikishapasuka sana haivimbi ikarudi. Basi tangi lisiachwe kavu. Hata maji ya kimo cha kifundo cha mguu yakibaki chini, na kifuniko kikifungwa, hewa ya ndani hukaa na unyevu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwa tindo na nyundo alichimbua ufa wote, akaufanya mfereji wa upana wa vidole vitatu, akapita mwisho wa ufa shubiri moja kila upande. Mfereji aliuchimba uwe mpana zaidi ndani kuliko mdomoni, ili kiraka kisiweze kutoka kikishashika. Waya zilizoliwa na kutu alizikata. Akaweka wavu mpya wa kuku, mikunjo miwili, akaushonea katika wavu wa zamani kwa waya mwembamba. Vumbi lote likaoshwa. Usiku ule tulilowesha mahali pote pa kazi, maana saruji kavu ya zamani hunyonya maji ya saruji mpya, nayo mpya hufa kabla haijashika.

Fundi alipokuwa akishona wavu aliniambia neno nililodhani ni mzaha: kwamba babu yake tangi hili ni mashua. Nikaitafuta habari hiyo, nikaikuta kweli. Mwaka 1848 Mfaransa mmoja, Joseph-Louis Lambot, mwenye shamba kusini ya nchi yake, alisuka waya za chuma akazikandika saruji, akapata mashua ndogo ya makasia. Mwaka 1855 aliionyesha katika Maonyesho ya Dunia huko Paris. Mashua yake moja ingalipo katika makumbusho ya mji wa Brignoles. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mtaliano Pier Luigi Nervi aliunda mashua kwa njia iyo hiyo, na yeye huyo ndiye aliyechora ukumbi wa Paulo VI kule Vatikano, uliofunguliwa mwaka 1971, ambamo Baba Mtakatifu hupokea mahujaji. Kwa hiyo msiyadharau matangi yenu ya wavu wa kuku. Yana jamaa wenye heshima.

Mchanga fundi aliuchagua kwa ukali kuliko mtu anayechagua mbegu. Alitia mchanga nusu chupa, akajaza maji, akatikisa, akaiacha itulie. Mchanga ulishuka upesi. Tope lilikaa juu yake tabaka nene. Akaukataa. Mchanga wa pili, wa korongo jingine, ulikuwa na tope jembamba kama kucha. Huo akauchunga akautumia. Maji ya kuchanganyia yalitoka kisimani, maana floraidi haidhuru saruji. Lakini maji ya chumvi hayafai, kwani huozesha waya ndani. Kipimo chake kilikuwa saruji ndoo 1, mchanga ndoo 3. Maji alitia machache mno, hata kijana wa kumsaidia akalalamika kwamba koleo halipiti. Mzee akachukua mchanganyiko akaukamata mkononi: ulishika umbo la vidole wala haukudondosha maji. Akasema, "Hivyo." Kama mnataka hesabu, mfuko mmoja wa kilo 50 hautaki zaidi ya lita 25 za maji, pamoja na yale yaliyomo katika mchanga. Kila ndoo inayozidi hukauka baadaye na kuacha vitundu vidogo, na tangi lenye vitundu ni chujio.

Kwanza alipaka mferejini nili ya saruji tupu, nzito kama uji wa mgonjwa. Kabla haijakauka akaushindilia mchanganyiko kwa mwiko, kwa nguvu, mpaka ukapita katika wavu. Siku ya pili akaongeza tabaka la pili. Ndipo akaomba chupa ya soda. Nilidhani ana kiu. Kumbe aliilaza chupa katika pembe ile, akaivuta kuzunguka tangi zima huku akikandika, na pembe ikawa ya mviringo, laini, kama ndani ya chungu. Mwisho akapiga nili ndani kote, sakafu na ukuta. Ndivyo walivyofanya pwani, alisema, kwa matangi ya chuma ya maji ya kunywa: walikwangua kutu, wakayapaka nili ya saruji ndani, na chuma kikatulia. Mjumbe mmoja wa halmashauri alikuwa ameshauri tupake lami ya barabara. Namshukuru Mungu hakusikilizwa. Lami ile haifai kugusa maji ya kunywa.

Basi watu wakadhani kazi imekwisha, wakataka kurudisha maji. Fundi akakataa. Alitaka magunia yaliyoloweshwa yafunike kiraka, kifuniko kifungwe, na magunia yaloweshwe tena na tena, mchana na usiku, kwa siku 14. Saruji haikauki ikawa ngumu kama udongo wa tofali. Hukomaa kwa kunywa maji, na ikikosa maji siku za kwanza haikomai tena. Nguvu yake huhesabiwa mpaka siku ya 28. Mchana tulipokezana. Lakini usiku, nani ataamka?

Mlinzi akasema, "Mimi niko macho."

Kwa usiku 14 mzee yule alipanda ngazi mara tatu kila usiku, na kibatari na kopo, kumwagilia tangi la watu waliosema kwamba anamwagilia maboga. Usiku wa pili nilitoka nikamshikia ngazi. Hatukuzungumza mengi. Nikamwambia, "Babu, nilikosa." Akasema, "Shika ngazi, inacheza."

Nimepeleka daftari mbele ya halmashauri, nikalikata lile neno "usiku" mbele ya wote, nikaandika kando yake: "Maji yalivuja. Mlinzi hana kosa." Nikatia sahihi na tarehe. Padre akalisoma siku ya Jumapili pamoja na matangazo, baada ya kutangaza ndoa.

Wenye matangi ya namna nyingine wataniuliza habari zao. Kwa ufupi: tangi la plastiki haliambatani na gundi ya dukani. Huzibwa kwa kuyeyusha plastiki ya namna ile ile kwa chuma cha moto, na mara nyingi lilipasuka kwa sababu liliwekwa juu ya mawe au juu ya jukwaa lenye mapengo. Litengenezewe kwanza kitako cha sawasawa. Tangi la bati huoza chini. Mtu asilizibe kwa risasi, maana ni sumu katika maji. Kama kuta zake zingali nzima, litandikwe sakafu mpya ya wavu na saruji ndani, ipande ukutani kidogo, na litadumu miaka mingine. Na tangi lolote, la namna yoyote, liwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua.

Kabla ya mvua tuliosha ndani, tukatia maji ya kimo cha shubiri, tukayaacha siku tatu, tukayatumia kufyatulia matofali. Maji ya kwanza katika saruji mpya ni machungu. Kisha zikaja mvua za mwisho wa 2023. Wote mnazikumbuka. Ndizo zilizoshusha tope na mawe toka Mlima Hanang asubuhi ya tarehe 3 Desemba, zikaua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Tuliomba Rozari kwa ajili yao mbele ya tangi lililofurika mpaka kwenye kifuniko, wala hakuna aliyeona vema kulifurahia.

Jumamosi ya kwanza ya Juni 2024 tukafunga tena koki na kifuniko, Padre akakaa na funguo, na Jumapili saa 12 jioni nikateremsha ufito. Alama ya kisu na alama ya maji zilikuwa mahali pamoja. Nikaupitisha ufito kwa wote, akiwamo mama yule wa ndoo ya mwaka 2022, naye akaupapasa kwa kidole gumba akaurudisha. Mwaka ule tulitoa ndoo 3, na siku nyingine 4, na tarehe 20 Oktoba koki ilikuwa bado inatoa.

Maboga ya mlinzi yalikauka mwezi wa Julai. Amekuja ofisini kuniambia, "Mjukuu, mmeniulia shamba." Halmashauri imemruhusu ndoo moja kila Jumamosi, na nimeiandika katika daftari kwa jina lake.